Daktari wa Milingoti

Siku Antoni Machibya alipogeuka kuwa daktari wa miti, alikuwa Magu kwa shughuli nyingine kabisa. Alikuwa akiuza chaji za simu za sola ambazo hazikuwa na sola. Zilikuwa na kioo cheusi juu na betri ndogo ndani, na betri hiyo ilidumu muda wa kutosha kumwezesha muuzaji kuhama mtaa. Mzigo uliisha saa nne asubuhi, na heshima ya kazi ilimtaka asubirie gari mahali ambapo wateja wake hawangemwona. Akaenda kusimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, akijifanya anachagua miparachichi.

Kitaluni palikuwa na watu kama kumi na wawili wamemzunguka bwana mmoja wa misitu, mwenye buti na kofia, ameshika mche wa mlingoti, yaani mkaratusi, shingoni kama anavyoshikwa kuku wa kuchinjwa. Bwana yule alikuwa akiwaonyesha majani. Yalikuwa yamejikunja, na kwenye mishipa yake kulikuwa na vinundu vilivyovimba, vya kijani na vya rangi ya waridi. Alieleza kwamba hiyo ni kazi ya nyigu mdogo kuliko sisimizi, asili yake Australia, aliyefika nchi hizi bila kualikwa. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya jani changa, jani linavimba, mche unadumaa na kugeuka kichaka. Mwenye kitalu aliuliza dawa. Akaambiwa dawa ya kupuliza haisaidii, kwa sababu mdudu amejifungia ndani ya jani. Miche ile ing'olewe na kuchomwa moto yote. Mwenye kitalu, mtu wa miraba minne, akaweka mikono kichwani na kukaa chini.

Kisha bwana wa misitu akaongeza kwamba mlingoti uliokwisha kuwa mkubwa hauna shida, mdudu huyu anataka majani machanga tu. Machibya aliisikia sentensi hiyo vizuri kabisa. Ila katika kazi yake, nusu ya pili ya habari huachiwa watu wasio na haraka.

Yeye alikuwa akiangalia nyuso. Kwa miaka ishirini alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso za watu, na hakukumbuka kuona uso mzuri kama wa yule mwenye kitalu. Mtu akiogopeshwa na kitu anachokiona, ataokota fimbo. Akiogopeshwa na kitu asichokiona, atatafuta mtaalamu. Na Machibya alijua kwamba upande wa pili wa ziwa, kuanzia Kamanga kwenda ndani Sengerema, watu walikuwa na milingoti mikubwa, iliyonyooka, na hapakuwa na mtaalamu hata mmoja aliyewahi kuiangalia kwa lenzi.

Alipofika Mwanza alikwenda moja kwa moja kwa Taher, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye babu yake aliuza misumari katika duka lilelile. Taher alikuwa amepata kazi ya kupeleka mirunda, ile miti ya kushikilia zege, kwenye jengo la ghorofa tisa, na mirunda ilikuwa imeadimika. Machibya akamwahidi mirunda mia nne, minene, mirefu. Taher alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba yeye hulipia mzigo, halipii maneno. Lete mzigo, utaikuta pesa.

Kwa hiyo mtaji ulikuwa wa Machibya mwenyewe. Aliuza pikipiki. Akatoa akiba aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kiwanja Buhongwa, maana alikuwa amejiapia kwamba akifika miaka arobaini na mitano ataacha utapeli, ajenge, afuge kuku wa mayai, aende kanisani na watu wamwite mzee. Alikuwa na miaka arobaini na minne na miezi minane. Hii ingekuwa kazi yake ya mwisho, na alitaka iwe safi, kama mtu anayestaafu kwa heshima.

Akanunua koti jeupe la mtumba. Akaazima lenzi ya fundi saa, ile inayobanwa jichoni. Akatengenezewa barua zenye kichwa kilichosomeka Kituo cha Afya ya Miti, Kanda ya Ziwa, chenye picha ya nyoka aliyejizungusha kwenye mti, ili mtu asijue kama ni hospitali au ni bustani ya Edeni. Siku ya Jumatatu akavuka.

Ufundi wake, na hapa tumpe haki yake, ulikuwa katika kutobisha hodi. Daktari wa miti hakuingia kwa mtu hata siku moja. Alisimama barabarani, akabana lenzi jichoni, akasogelea mlingoti wa mtu, akaukuna gome kwa kucha, akanusa ukucha, akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari na kuondoka zake kwa huzuni. Hakuwahi kufika hatua ya thelathini bila mwenye miti kumkimbilia.

Wiki ya kwanza alinunua mashamba mawili madogo kwa bei ya kuni. Mwenye duka mmoja alimvuta pembeni na kumwomba, kwa kumshika mkono vizuri, aandike kwamba milingoti yake yeye ni mizima na ya kaka yake ndiyo inayoumwa, ili ainunue ya kaka yake kabla hajashtuka. Machibya aliandika kama alivyoombwa, lakini usiku hakukosa kulifikiria jambo lile. Yeye alikuwa tapeli, ndiyo, ila hakuwahi kumuuzia ndugu yake hata chaji.

Miti ya mashamba yale mawili, iliyokatwa na kulazwa kando ya njia, haikutosha mahitaji ya Taher. Shamba la kutosha lilikuwa kijiji cha Bugasamo, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka kivukoni, na lilikuwa la Mwalimu Teodora.

Mwalimu Teodora alikuwa amestaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha walimu wenzake sayansi pale chuo cha ualimu Butimba. Alirudi kijijini kwa marehemu mume wake na kukuta milingoti mia nne na kumi na mbili ambayo mume wake aliipanda bondeni kwa ajili ya ada za watoto. Watoto walisoma kwa mshahara wa mama yao, wakamaliza, wakahamia mbali. Miti ikabaki imesimama bila kazi, mirefu, ikinong'ona kila upepo wa ziwa ulipopita. Mwalimu aliipenda kwa ajili ya aliyeipanda, ila ilimletea taabu. Chini ya shamba lile palikuwa na chemchemi ya kijiji, na mwaka hadi mwaka maji yalipungua. Milingoti inakunywa. Kamati ya maji ilikuwa imeamua miti ile iondoke pamoja na visiki vyake, maana kisiki cha mlingoti huchipua upya na kuendelea kunywa. Wanawake waliokuwa wakichota pale walianza kumsalimia kwa kifupi. Kukata ni rahisi, ila kung'oa visiki mia nne kulihitaji pesa ambayo pensheni yake haikuwa nayo.

Hayo Machibya hakuyajua. Alifika, akasimama, akabana lenzi, akakuna, akanusa, akatikisa kichwa, akaondoka. Hatua ya thelathini ikafika, ya hamsini, ya mia. Hakuna aliyemkimbilia. Akageuka, akarudia mti wa pili. Bibi mmoja mwenye miwani alikuwa amekaa barazani akichambua mchele na kumwangalia. Machibya akaenda na kurudi mara ya tatu. Safari hii bibi alinyanyua kichwa na kumuuliza kama anahitaji maji ya kunywa, maana jua limekuwa kali na amemwona anazunguka.

Akaingia. Akaamkia shikamoo, akapokea marahaba, akapewa kiti. Akaeleza habari ya nyigu wa Australia kwa sauti ya kutangaza msiba. Mwalimu Teodora alisikiliza kwa makini sana, kama mwanafunzi wa mstari wa mbele, akaanza kuuliza maswali madogomadogo. Mdudu huyo anaingilia wapi? Kwenye gome, akajibu Machibya, ambaye hakuweza kuyafikia majani yaliyokuwa mita ishirini juu. Akishaingia anaenda wapi? Anashuka. Mpaka wapi? Machibya akaona bei inashuka pamoja na mdudu, akamshusha mpaka mizizini.

"Basi mtu akikata mti tu hajafanya kitu," alisema Mwalimu.

"Hajafanya kitu, mama. Ameacha kiota."

"Kwa hiyo visiki lazima ving'olewe."

"Lazima."

"Na nani ataving'oa, mwanangu? Mimi ni mjane."

Kuna nyakati ambapo ulimi wa mtu hutangulia na yeye akafuata nyuma. Machibya alisikia sauti yake ikisema kwamba kituo kitaving'oa visiki vyote bila malipo, kwa sababu ni suala la afya ya taifa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema Mungu ambariki. Bei aliyoitaja Machibya aliikubali bila kubishana hata kidogo. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Ila mtu anayenunua milingoti mia nne kwa bei ya kuni huwa ana mambo mengine ya kushangilia.

Mwalimu aliomba jambo moja tu, waandikiane. Waliandikiana mbele ya mtendaji wa kijiji, kijana mpole aitwaye Yeremia, ambaye aliwahi kufundishwa na mtu aliyefundishwa na Mwalimu Teodora na kwa hiyo alimwogopa mara mbili. Mkataba aliuandika Mwalimu mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni. Mnunuzi amelipa. Mnunuzi atakata na kung'oa visiki vyote. Mzigo usipotoka kijijini ndani ya siku arobaini, unarudi kwa muuzaji. Machibya akasaini huku akicheka moyoni, kwa sababu alipanga siku ya kumi mzigo uwe umevuka na visiki vibaki na Mungu. Kisha Mwalimu akasema kijiji kingependa kuweka kumbukumbu ya ugonjwa wenyewe, kwa faida ya vizazi. Machibya akatoa barua yake yenye nyoka na kuandika kwamba miti yote mia nne na kumi na mbili imeshambuliwa na nyigu wa Australia, gome, mbao na mizizi. Akapiga muhuri. Yeremia akapiga wa kwake pembeni.

Wakataji walifanya kazi siku tisa. Mashine zilinguruma tangu asubuhi, miti ikaanguka mmoja mmoja, na Mwalimu Teodora alikaa ndani siku zote hizo na dirisha la upande wa bondeni amelifunga. Siku ya kumi mirunda ilikuwa imepangwa kando ya barabara, minyoofu, ikitoa harufu nzuri ya dawa ya kifua. Machibya alimpigia Taher simu na kumwambia kesho. Akiba yote ya kiwanja ilikuwa imelala pale, kwenye lundo lile.

Lori la kwanza lilifika kivukoni Kamanga saa mbili asubuhi. Pale wakamwomba kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Machibya alikuwa tayari kwa hilo, alikuwa ameandaa ya soda. Mkaguzi, mama mmoja asiye na haraka, hakuitazama hata ile soda. Aliuliza mzigo umetoka wapi, akaambiwa Bugasamo, akafungua faili na kutoa karatasi yenye nyoka. Alimsomea taratibu, kidole chini ya mstari, kwamba milingoti ya Bugasamo ina ugonjwa kwenye gome, mbao na mizizi. Nakala ilikuwa imeletwa na mtendaji wa kijiji wiki moja iliyopita. Mbao zenye ugonjwa hazivuki ziwa.

Machibya akasema ripoti hiyo ina makosa.

Mkaguzi akamuuliza aliyeiandika ni nani, ili wamwite.

Watu wanaojua kazi ile wanasema siku hiyo lori liligeuza pale kivukoni kwa utulivu mkubwa, bila hata kupiga honi.

Alifika kwa Mwalimu Teodora mchana, koti jeupe limelowa jasho mgongoni. Alikuwa amejiandaa kufoka. Alimkuta anakunywa chai, naye akasukumiwa kikombe kabla hajafungua mdomo. Akaanza hata hivyo. Akasema amezungukwa, amewekewa mtego, kijiji kizima ni genge. Mwalimu alimwacha akamaliza, akamwambia kwa upole uleule wa siku ya kwanza:

"Nyigu yule nimemfundisha miaka sita, baba. Anakaa kwenye majani machanga. Mti mkubwa hana habari nao. Na kwenye gome hajawahi kuingia hata kwa bahati mbaya."

Machibya akauliza kwa nini basi hakusema.

"Ulikuwa unaeleza vizuri sana. Mwalimu hamkatishi mwanafunzi anayejieleza."

Kisha akamweleza hali ilivyo, bila kupandisha sauti. Njia ya kwanza, Machibya aandike ripoti nyingine aseme ya kwanza ilikuwa uongo. Mzigo utavuka, lakini yeye hatavuka nao, maana waliouza miti yao kwa bei ya kuni kwa ajili ya uongo huo watataka kumwona, na polisi pia. Njia ya pili, ashikilie kwamba ripoti ni kweli, na mzigo ubaki hapo. Njia ya tatu, aende zake leo hii kwa miguu, na kesho yeye Mwalimu apeleke mkataba na ripoti vyote viwili mahali panapohusika, huku visiki mia nne na kumi na viwili havijang'olewa hata kimoja. Au anaweza kuchukua sururu. Akimaliza kung'oa, na wale wenye mashamba mawili madogo wakarudishiwa miti yao iliyolala njiani bila kuuzwa, hakuna mtu atakayepeleka karatasi popote.

Vibarua walikuwa wameondoka, kwa kuwa pesa ilikwisha. Kwa hiyo siku iliyofuata, Daktari wa Milingoti wa Kanda ya Ziwa alivua koti, akalitundika kwenye uzio, na kuanza kung'oa.

Kisiki cha mlingoti si kitu cha kudharau. Siku ya kwanza aling'oa viwili, na viganja vyake, ambavyo kwa miaka ishirini havikuwahi kushika kitu kizito kuliko simu, vikajaa malengelenge. Siku ya pili hakuweza kufumba ngumi. Aliyemwonea huruma alikuwa jirani mmoja, Kashindye, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuja kucheka siku ya kwanza na siku ya tatu akaja na mtaimbo, shoka la mizizi na sahani ya ugali na sato. Akamfundisha kuchimba kwanza mviringo, kukata mizizi ya pembeni, ndipo kuinua. Kuanzia hapo walikula pamoja kila mchana. Kashindye hakumuuliza habari za utapeli hata mara moja. Aliongea habari zake mwenyewe. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili, akanunua miche elfu mbili ya milingoti ng'ambo, akaipanda kilimani, mbali na maji, pale kamati ilipomruhusu. Miche mingine mia tatu ilikuwa nyumbani, na Jumamosi ya kwanza baada ya visiki kuisha alikusudia kuwagawia majirani, kila mlango kumi.

Yeremia akaleta watu wa kamati ya maji kusaidia. Wakamaliza katika wiki ya tano, na wenye mashamba mawili madogo wakarudishiwa miti yao. Kabla visiki havijafika nusu, chemchemi ilikuwa imeshaanza kurudi, kwanza unyevu, kisha kidimbwi, kisha maji yenyewe yakitambaa kwenye mawe. Wanawake waliokuja kuchota walimpa Machibya kata ya kwanza anywe. Alikunywa huku ameangalia pembeni, kwa kuwa hakujua mtu hufanya uso gani akipewa kitu bila kudanganya.

Siku arobaini zikapita mzigo ukiwa palepale. Siku ya arobaini na moja Taher alishuka kwenye kivuko na viatu vyake vyeusi, maana jengo la ghorofa tisa lilikuwa limekwama ghorofa ya tatu. Alimpata Machibya akifukia mashimo ya visiki, akamwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akauliza mwenye mirunda ni nani sasa. Machibya akanyoosha kidole kwa Mwalimu. Wazee wale wawili walikaa barazani saa nzima. Mwalimu alikuwa amemwita afisa misitu wa wilaya, dada anayeitwa Selina, ambaye aliikagua mirunda, akakuta ni mizima kabisa, akaandika kibali halali. Taher akalipa bei ya mjini. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alimwambia Machibya kwamba kama anatafuta kazi, wanahitaji mtu wa kupakia. Machibya alipakia lori tatu za mirunda yake mwenyewe kwa malipo ya kibarua, na mirunda ikavuka.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Mwalimu Teodora angependa iishie hapo. Ila Selina, kwa kuwa alikuwa ameshafika, alitaka kupanda kilimani kuona miche ya Kashindye. Akarudi uso umebadilika. Majani yalikuwa na vinundu. Nyigu wa kweli alikuwa amefika Bugasamo, na amefika ndani ya miche ileile ambayo Jumamosi ingegawanywa kila mlango kumi.

Mkutano uliitishwa mchana huohuo mbele ya ofisi ya kijiji. Selina akaeleza: mdudu mdogo kuliko sisimizi, kutoka Australia, hana dawa ya kupuliza. Kabla hajamaliza watu walikuwa wanacheka. Walimwambia hadithi hiyo wanaijua, wameshaisikia kutoka kwa mtu mwenye koti zuri zaidi. Wameshaingizwa mjini mara moja, haitoshi? Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Kashindye, na kicheko chake hakikuwa na furaha ndani yake. Alimuuliza Selina anataka kuinunua miche yake kwa bei gani. Mwalimu Teodora alisimama akasema ni kweli, nao wakamsikiliza kwa adabu, lakini walijua kwamba na yeye amepata pesa nzuri kwa hadithi ya mdudu.

Machibya alikuwa nyuma kabisa, begi begani, anasubiri bodaboda ya kumpeleka kivukoni. Hakuna aliyemwita. Alisimama pale, akamwona Kashindye anaweka mikono kichwani na kukaa chini, akajua uso ule ni uso gani, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hakupenda kuuona. Akapita katikati ya watu mpaka mbele.

Watu wakampisha, kwa kuwa walitaka kuona tapeli atasema nini.

"Nilipowadanganya, nilikuwa nanunua," alisema Machibya. "Leo sinunui kitu. Sina hata nauli ya kunitosha. Nimemsikia huyu dada, na nimewahi kuona majani ya namna hiyo kwa macho yangu. Mimi niliwaambia miti mikubwa inaumwa, ilikuwa uongo. Miche hii inaumwa kweli. Kashindye, ukiigawa Jumamosi, kila mlango utapata wadudu kumi."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliuliza anapata nini kwa kusema hayo. Machibya akafikiri, akajibu kwamba hapati kitu, na ndiyo maana anaona shida kulisema. Kashindye akainuka. Akaenda nyumbani kwake, na baada ya robo saa moshi ukaonekana. Miche mia tatu ya kugawa ilikuwa inaungua. Vijana wakapanda kilimani na mapanga pamoja na Selina, kukata matawi yote yenye vinundu na kuyachoma, na Selina akasema kuna mistari ya upande wa juu ambayo huenda ikapona. Ng'ombe wawili hawakurudi, lakini kilima hakikupotea chote.

Jua lilipoanza kulegea Machibya akaanza safari ya kivukoni kwa miguu, maana bodaboda ilikuwa imechoka kumsubiri. Kashindye alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba, wakaagana kwa kushikana mikono yenye sugu zilizolingana. Alikuwa ametembea kidogo tu peke yake aliposikia hatua nyuma. Ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa mstari wa mbele mkutanoni, aliyesikia kila neno, mwenye milingoti mikubwa kama arobaini nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anahema. Alitazama huku na huku, akamsogelea Machibya sikioni.

"Daktari," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ya kwangu nina wasiwasi nayo. Ile bei yako bado ipo?"

Machibya alimwangalia mzee yule. Aliangalia milingoti iliyokuwa ikionekana juu ya paa, arobaini, minene, iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Akamwambia bei haipo, baba, miti yako ni mizima, kalale.

Kisha akaondoka haraka, karibu kukimbia, kwa sababu alijijua vizuri, na alijua kwamba akisimama pale dakika mbili zaidi, bei ingekuwepo.